Namba Imetoka Wapi? Vipimo vya Nyumbani na Maji ya Tangi la Matumbawe

Mtu akipima maji nyumbani kwake kwa vichupa alivyonunua dukani, akapata namba, aiamini kwa kiasi gani? Hilo ndilo swali langu leo, na nitalijibu kwa kutumia tangi la matumbawe. Najua utaniuliza, matumbawe na sisi wa hosteli wapi na wapi? Kwa bumu hili tunalopata, hata kufuga kuku mmoja ni mtihani. Nivumilie kidogo. Mfano huu ni mzuri kwa sababu namba ikidanganya, kuna kiumbe anakufa, na anakufa taratibu huku mwenye tangi akiamini anamsaidia.

Habari hizi nimezipata kwa binamu yangu anayeishi Maskati, Oman, kama walivyo ndugu wengi wa familia za pwani. Sebuleni kwake ana tangi la lita 200, ndani yake samaki wachache na matumbawe hai. Tangu asikie kwamba nasomea ualimu wa kemia na baiolojia, amenigeuza mshauri wake wa bure. Kila wiki inaingia picha ya kichupa chenye maji ya rangi na ujumbe mfupi: "Mwalimu, hii inasomekaje?" Ananitania kwa jina hilo ingawa yeye ndiye kaka na mimi ndiye mdogo. Basi katika kumjibu kaka nimelazimika kujifunza mambo ambayo mwaka wa kwanza niliyapita juu juu ili nisipate sapu.

Kwa nini maji yapimwe

Tumbawe ni mnyama, si jiwe wala mmea. Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu kaboneti, na malighafi wanaichota majini. Baharini hazina hiyo haiishi kwa kuchotwa, maana bahari ni kubwa. Kwenye lita 200 hazina inapungua kila siku, na mfugaji lazima airudishe. Hapo ndipo vipimo vinapohitajika: kabla ya kurudisha, ujue kimepungua nini na kwa kiasi gani.

Maji ya kawaida ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila kilo, kalsiamu karibu miligramu 410 kwa lita, na magnesiamu karibu miligramu 1,300 kwa lita. Ualkali wake, yaani uwezo wa maji kumeza asidi kabla pH haijaporomoka, ni kama 6.5 kwa kipimo cha dKH ambacho wafugaji wengi hutumia. Kwenye matangi wengi huuweka kati ya 7 na 11. Fosfeti na naitreti hutakiwa ziwe kidogo sana, lakini si lazima ziwe sifuri.

Kichupa kinafanya nini

Vipimo vingi vya nyumbani ni mambo yaleyale ya maabara ya kidato cha nne, ila yamefungwa kwenye boksi dogo zuri.

Kipimo cha ualkali ni titresheni. Unachukua mililita 5 za maji ya tangi, unatia kiashiria, kisha unadondosha asidi tone kwa tone hadi rangi ibadilike. Kwa aina aliyonayo binamu yangu, kila tone ni dKH 1. Kipimo cha kalsiamu nacho ni titresheni, lakini kwa EDTA: maji yanafanywa kuwa na pH ya juu sana ili magnesiamu ijitenge, kisha EDTA inaikamata kalsiamu mpaka rangi igeuke kutoka waridi kwenda buluu. Katika vipimo vya aina hii vyenye matone makubwa, tone moja linaweza kuwa sawa na miligramu 20.

Naitreti na fosfeti hupimwa kwa rangi. Naitreti hugeuzwa kwanza kuwa naitraiti, na naitraiti ndiyo inayotoa rangi ya waridi. Fosfeti hutoa rangi ya buluu. Wewe kazi yako ni kulinganisha rangi hiyo na kadi uliyopewa.

Kwa hiyo hakuna uchawi. Kila namba imetokana na tone, rangi na jicho. Na vyote vitatu vinaweza kukosea.

Kosa linaingilia wapi

Tuanze na tone. Ukubwa wake unategemea umeishikaje chupa. Ukiishika wima, matone yanafanana. Ukiilaza leo huku na kesho kule, unabadilisha ukubwa wa kipimo chako bila kujua.

Pili, kitendanishi chenyewe. Kuna chupa zina unga unaotuama chini, na zisipotikiswa vizuri zinatoa majibu ya chini kuliko ukweli. Kuna chupa huachwa na kifuniko kilicholegea, maji yakapotea kama mvuke na asidi iliyobaki ikawa kali zaidi. Asidi ikiwa kali, matone yanayohitajika yanakuwa machache, na namba inashuka wakati maji ya tangi hayajabadilika kabisa.

Tatu, mwanga na macho. Waridi ya 10 na waridi ya 25 kwenye kadi ya naitreti zinakaribiana mno, hasa chini ya taa ya manjano. Soma mchana karibu na dirisha. Tena wapo watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao hawatofautishi vizuri baadhi ya rangi, na wengine hawajui kama wana hali hiyo. Njia rahisi ni kumpa mtu mwingine asome bila kumwambia wewe umeona nini. Ukimwambia kwanza, ataiona namba yako.

Nne, kuingiliana kwa kemikali. Kwa kuwa kipimo cha naitreti kinafanya kazi kwa kupitia naitraiti, tangi jipya lenye naitraiti nyingi linaweza kuonyesha naitreti ya kutisha ambayo haipo. Kichupa hakijui kutofautisha naitraiti iliyokuwemo tangu mwanzo na ile iliyotengenezwa sasa hivi.

Tano, vizio. Hapa hata wasomi wanaanguka. Kipimo kimoja kinaandika naitreti yote, kingine kinaandika naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti tu. Ili kutoka ya pili kwenda ya kwanza unazidisha kwa 4.43. Kutoka fosforasi kwenda fosfeti unazidisha kwa 3.07. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kwamba kipimo cha mmoja ni kibovu, kumbe wote wako sawa ila hawajasoma karatasi iliyomo kwenye boksi.

Sita, chumvi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ipimwe kwanza. Wengi wanatumia rifraktomita, kifaa cha kuchungulia kama darubini ndogo. Baadhi yake zimetengenezwa kupima mmumunyo wa chumvi ya kawaida, si maji ya bahari, ambayo yana chumvi za aina nyingi. Kifaa cha namna hiyo kikiwekewa maji ya bahari yenye 35 kitasoma karibu 36.5. Mwenye tangi ataongeza maji baridi ashushe hadi kisome 35, na kwa kweli atakuwa na 33.5 hivi. Hapo kalsiamu, magnesiamu na ualkali vyote vimeshuka kwa karibu asilimia 4 kwa mpigo, naye ataanza kuhangaika na kila kimoja peke yake.

Matone 6 au matone 8?

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mwezi mmoja binamu yangu aliona baadhi ya matumbawe yake yamesinyaa. Akapima ualkali kwa kipimo chake cha zamani, akapata matone 6. Akanunua kipya cha aina ileile, akapata matone 8. Maji yaleyale, asubuhi ileile.

Tayari alikuwa ameshaamua kuiamini 6, kwa sababu ilikubaliana na hofu yake. Mpango wake ulikuwa kutia bikaboneti ya soda apandishe hadi 9 siku hiyohiyo. Hesabu ni nyepesi: gramu 3 za bikaboneti hupandisha lita 100 kwa dKH 1, kwa hiyo lita 200 kwa dKH 3 ni gramu 18. Lakini kupandisha ualkali ghafla ni jambo wafugaji wanaloliogopa, na ushauri wa kawaida ni kwenda polepole, kama dKH 1 kwa siku. Na kama 6 yenyewe ni ya uongo, je?

Nikamwandikia: "Kaka, usitie kitu kwanza. Tukipime kipimo."

Namna ya kukipima kipimo

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ubaki nalo hata ukisahau mengine yote. Kipimo unakijaribu kwa kukipa kitu ambacho jibu lake unalijua tayari. Maabara tunaita mmumunyo sanifu.

Kwa ualkali, sanifu unaweza kuitengeneza jikoni. Unahitaji bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki. Siyo magadi ya kulainishia maharage, maana hayo yana kaboneti na takataka nyingine, wala siyo unga wa kuokea uliokwisha kuchanganywa na asidi na wanga. Gramu 0.30 za bikaboneti katika lita moja ya maji yaliyokenekwa zinatoa ualkali wa dKH 10.

Lakini nani ana mizani ya kupima gramu 0.30 nyumbani? Mizani ya jikoni inasoma gramu nzima nzima. Kwa hiyo nilimwambia apime gramu 30, azitie maji hadi ifike lita moja, kisha avute mililita 10 za mchanganyiko huo kwa bomba la sindano, azitie maji hadi lita moja nyingine. Mizani ikikosea gramu 1 kwenye 30, hilo ni kosa la kama asilimia 3. Ingekosea gramu 1 kwenye 3, lingekuwa kosa la asilimia 33. Mizani ni ileile, tofauti ni ulichokipima.

Akapima sanifu mara tatu kwa kila kipimo. Kipya: 10, 10, 10. Cha zamani: 8, 8, 8.

Ebu tusimame hapo kidogo. Kipimo cha zamani hakikuyumba hata mara moja. Kwa mtazamo wa maabara zetu nyingi, namba tatu zinazofanana ni ushahidi kwamba umefanya kazi safi. Lakini zilikuwa 8 pale palipotakiwa 10. Kuna mambo mawili ambayo tunayachanganya kila siku. La kwanza ni uthabiti, yaani kurudia na kupata kilekile. La pili ni usahihi, yaani kupata kilicho kweli. Mtu anaweza kuwa thabiti katika uongo. Kurudia kunakuonyesha uthabiti tu. Usahihi unauona pale unapolinganisha na kitu cha nje ambacho unakijua.

Na ukishajua kosa, unaweza kulitumia. Kipimo kinachosoma 8 badala ya 10 kinasoma asilimia 80 ya ukweli. Ile 6 ya tangi, ukiigawanya kwa 0.8, ni 7.5. Kipimo kipya kilisema 8 kwa sababu hakuna nusu tone: tone la 7 halikutosha, la 8 likageuza rangi. Vipimo viwili vilivyokuwa vinagombana, kumbe vilikuwa vinasema jambo moja. Angetia zile gramu 18, angekwenda kwenye 10.5 kwa siku moja akidhani yuko kwenye 9.

Chupa ya zamani ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka kwenye rafu yenye joto juu ya taa za tangi, na kifuniko chake hakikukaza. Asidi iliyopoteza maji ingetoa matokeo ya namna hiyohiyo. Aliitupa. Kusinyaa kwa matumbawe kulikuwa na sababu nyingine ya kutafutwa, na bila kipimo hicho kibovu kumpoteza, aliweza kuanza kuitafuta.

Kwa rifraktomita nako kuna sanifu ya nyumbani: gramu 36.5 za chumvi kavu katika gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Mmumunyo huo unapindisha mwanga sawa na maji ya bahari yenye 35, kwa hiyo kifaa cha maji ya bahari kisome 35. Kisiposoma hivyo, kirekebishe kwa bisibisi yake.

Zipambanishe namba zenyewe kwa zenyewe

Njia nyingine haihitaji hata kichupa kipya, inahitaji kalamu. Tumbawe likijenga mfupa, linachota kalsiamu na ualkali kwa uwiano maalumu: kwa kila dKH 2.8 zinazopotea, kalsiamu inayopotea ni miligramu 20 hivi kwa lita.

Angalia maana yake. Ualkali ukishuka kutoka 8 hadi 5.2, umepoteza zaidi ya theluthi, hali ya hatari. Kalsiamu kwa wakati huohuo imeshuka kutoka 420 hadi 400 tu, sawa na tone moja la kipimo chetu. Kwa hiyo anayelinda tangi lake kwa kupima kalsiamu pekee atachelewa kugundua. Upande wa pili, mtu akikwambia kwa wiki moja kalsiamu imeshuka kwa 80 na ualkali umeshuka kwa 1, mwambie apime tena. Kupotea kwa kalsiamu 80 kwa ujenzi wa mifupa kungeondoka na ualkali wa dKH 11 na ushee. Kama hakubadilisha maji wala chumvi, namba moja kati ya hizo inadanganya.

Vipi vifaa vya kidijitali na maabara kubwa?

Wapo watakaosema dawa ni kununua kifaa cha kidijitali kinachosoma rangi badala ya jicho. Kinasaidia kweli, kinaondoa ubishi wa waridi ipi. Lakini desimali nyingi kwenye kioo si usahihi. Chukua kifaa cha fosfeti ambacho karatasi yake inasema kinaweza kukosea kwa 0.04 juu au chini. Kikisoma 0.05, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.01 na 0.09. Alama ya kidole kwenye kichupa cha kioo au kiputo kidogo cha hewa vinatosha kukivuruga. Tena kuna fosfeti ambayo kifaa hakiioni: mwani unaweza kuimeza yote, kifaa kikasoma sifuri huku kuta za tangi zikiwa kijani.

Zipo pia maabara za nje zinazopokea sampuli kwa posta na kuzichoma kwenye mashine inayotambua elementi nyingi kwa mkupuo. Ni nzuri kwa vitu ambavyo nyumbani huwezi kuviona, kama shaba au zinki. Ila mashine hiyo inaona elementi, si umbo lake. Fosforasi itaiona yote kwa jumla. Ualkali na naitreti haivipimi, labda maabara ivipime kwa njia nyingine. Na sampuli iliyokaa siku kadhaa njiani haiko tena kama ilivyotoka kwenye tangi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Vipimo vya nyumbani vinaaminika kwa mwelekeo kuliko kwa namba moja moja. Pima kwa kipimo kilekile, saa ileile ya siku, kwa mkono uleule, uandike kwenye daftari. Wiki nne za namba zinakwambia mengi kuliko namba moja ya leo. Kila ukifungua chupa mpya, ipe sanifu kabla ya kuipa tangi. Na usitie kitu majini kwa sababu ya kipimo kimoja.

Hii inatuhusu vipi

Mwaka jana nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, nilisimamia titresheni ya kidato cha nne. Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko mengine lilikuwa: "Mwalimu, jibu linatakiwa liwe ngapi?" Mwanafunzi akishalijua, anaandika 24.00, 24.10, 24.00, anafunga daftari. Hatuwezi kumlaumu sana. Tumemfundisha kwamba alama ziko kwenye namba zinazofanana, naye kapika zikafanana. Na sisi hapa chuoni, tuseme ukweli, ripoti ngapi za maabara zimepikwa usiku wa kuamkia kukusanya?

Mwanafunzi huyo kesho ndiye atakayepima sukari ya mgonjwa, klorini kwenye tangi la maji la mtaa, au udongo wa shamba la watu. Akiwa amezoea kuilazimisha namba ikubaliane na matarajio, hatakuwa na namna ya kushtuka kipimo kikiwa kibovu.

Kwa wenzangu tunaojiandaa kwenda tena mashuleni, nina pendekezo ambalo halihitaji vifaa vipya. Tengeneza chupa mbili za asidi, uziandike A na B, zote lebo yenye ukali uleule, lakini B iwe kali kwa robo zaidi. Wape wanafunzi mmumunyo wa bikaboneti ambao wameupima wenyewe kwenye mizani, wanaujua ukali wake. Usiwaambie jibu linatakiwa liwe ngapi. Kikundi kitakachokuja kukwambia kwamba chupa B haiaminiki, na kikaeleza kimejuaje, kipe alama zote.